Tovuti Inasumbua: Dalili na Vyanzo, kwa Wasanii na Wafanyabiashara Wadogo wa Bagamoyo

Simu nyingi za kazi yangu huanza na neno moja: "Imekufa." Anayepiga anaweza kuwa mchongaji wa mpingo, kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoanzia TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), au mwenye vyumba vichache vya wageni pale Dunda. Kinachofuata mara moja ni: "Basi tutengeneze nyingine." Hapana, usitengeneze nyingine kwanza. Tovuti ya msanii au ya duka dogo ina sehemu chache za kuharibika, na karibu kila sehemu ina dalili yake. Ukiisoma dalili vizuri, mara nyingi utagundua kwamba kilichohitajika ni saa moja ya kazi, si tovuti mpya.

Unapopima, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Jaribu simu nyingine, laini nyingine au ukurasa mwingine, kimoja kimoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikapona, hutajua kilichoiponya, na wiki ijayo utaanza upya.

Haifunguki kabisa

Jua kwanza kama tatizo ni tovuti au ni mtandao. Fungua kwa laini ya kampuni nyingine, halafu mwombe mtu aliye nje ya nchi naye afungue. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania iliyumba, na wenye tovuti zilizohifadhiwa kwenye seva za nje wakadhani zimefutwa. Hazikuwa zimefutwa. Aliyekuwa Ujerumani aliziona kama kawaida, isipokuwa sisi huku hatukuweza kuzifikia. Siku kama hiyo kaa utulie, wala usiguse kitu.

Ikithibitika kwamba haifunguki kwa yeyote, soma kilichoandikwa kwenye skrini. Wengi wakiona Kiingereza hufunga harakaharaka, na hapo ndipo jibu lilipo. Kivinjari kikisema anwani haikupatikana, tatizo liko kwenye jina, yaani domeni. Ukiletewa ukurasa wa matangazo wa kampuni inayosajili majina, domeni imeisha muda. Ukiona namba inayoanza na 5, kama 500, 503 au 508, domeni ni nzima na seva imefikiwa, ila programu iliyo ndani imeanguka au seva imezidiwa.

Domeni kuisha muda ndiyo sababu ninayokutana nayo kuliko zote. Mwenye biashara hakupata hata ukumbusho, kwa sababu ukumbusho huenda kwenye barua pepe ya aliyesajili, na aliyesajili ni fundi. Fundi kahamia Dodoma, kabadili namba, au kaacha kazi hizi na sasa anauza vipuri vya bodaboda. Tafuta jina lako kwenye huduma ya whois (kwa majina yanayoishia na .tz, tumia ile ya rejista ya .tz) uone tarehe ya kuisha na kampuni iliyosajili. Kwa .com, baada ya muda wa nyongeza ambao kila kampuni ina wake, jina huingia katika siku 30 za kukombolewa kwa ada kubwa kuliko ya mwaka mzima, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Kwa hiyo shughulikia leo, usisubiri Idi ipite.

Ukishalipata, liandikishwe kwa jina lako, kwa barua pepe unayoifungua wewe, na nywila ikae kwako. Hapa sina simile. Fundi anayesajili domeni ya mteja kwa jina lake mwenyewe, hata kwa nia njema, kamfunga mteja wake. Alipwe kwa kazi yake, asilipwe kwa sababu ameshika jina la watu.

Namba za 5 mara nyingi hutokea baada ya kusasisha plagini, yaani programu ndogo za nyongeza. Ingia kwenye paneli ya seva, fungua mafaili, badilisha jina la folda ya plagini za WordPress, programu inayoendesha tovuti nyingi ndogo. Ukurasa ukirudi, umeshampata mkosaji wa jumla. Sasa fungua orodha ya plagini ndani ya WordPress ili izizime zote, ndipo urudishe jina la folda na kuwasha moja moja. Usirudishe jina kabla ya kufungua ile orodha, vinginevyo zote zitawaka tena kwa pamoja na utarudi ulikoanzia.

Kivinjari kinasema si salama

"Mwanangu, kitu chako kinaniandikia maneno mekundu," aliniambia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni.

"Shikamoo mama. Hebu nisomee, simu yako inasema leo ni tarehe ngapi?"

Ilikuwa inasema ni mwaka mwingine kabisa. Betri iliisha, simu ikawaka na tarehe ya zamani, na kwa simu hiyo cheti cha tovuti, yaani uthibitisho wa usalama wake, kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Anza na hilo, linachukua nusu dakika.

Tarehe ikiwa sawa, uliza ni simu gani. Tovuti nyingi ndogo hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na simu za Android za kabla ya toleo la 7.1.1 hazikitambui cheti mama chake cha sasa. Mwenye simu hiyo afungue kwa Firefox, kama bado inakubali kwenye simu yake, maana hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti inavyoviamini. Ikiwa onyo linatokea kwenye simu zote, cheti kimeisha. Vyeti hivi hutolewa kwa siku 90 na hujihuisha vyenyewe, isipokuwa pale mtu alipohamisha domeni au kubadili mipangilio na seva ikashindwa kujithibitisha. Kuna kitufe cha kukihuisha kwenye paneli ya seva.

Yale maandishi madogo ya "si salama" kando ya anwani, bila ukurasa mwekundu, ni jambo jingine. Chrome imeyaweka tangu Julai 2018 kwa kila tovuti inayofunguka kwa http. Washa cheti, halafu elekeza anwani zote za http ziende kwenye https. Wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili.

Inafunguka, lakini polepole

Ni picha. Ninaweza kukuambia hivyo kabla sijaifungua, na kwa tovuti za wasanii sijui mara ya mwisho nilikosea lini.

Fanya hesabu. Picha ya simu ya kawaida ina pikseli 4000 kwa 3000 na uzito wa MB 4 hivi. Mchoraji anaweka kazi 30 kwenye ukurasa mmoja, hiyo ni MB 120. Mteja aliyejiunga bando la MB 500 amemaliza karibu robo yake kwa kukutazama tu, tena kabla hajafika kwenye bei. Hatarudi. Punguza kila picha iwe na upana wa pikseli 1600, ihifadhi kwa ubora wa 75 hadi 80 kati ya 100, nayo itashuka hadi KB 200 au 300. Kwa WebP, aina nyepesi ya faili la picha, itashuka zaidi. Kwenye ukurasa wa orodha weka picha ndogo za upana wa pikseli 500, ile kubwa ije tu mtu anapoigusa. Kupunguza kwa macho, yaani kuivuta pembe iwe ndogo ndani ya ukurasa, hakupunguzi chochote. Faili zima bado linapakuliwa.

Uzito huo una madhara mengine. Wiki ya Tamasha la Sanaa na Utamaduni, wageni wanapojaa mjini na kila mtu anatafuta ratiba, tovuti za vikundi hufungwa na seva kwa kuwa zimemaliza kiasi cha data walicholipia kwa mwezi. Kikundi kinalalamika kwamba seva ni mbovu, kumbe video ya dakika tatu imepakiwa moja kwa moja kwenye tovuti badala ya kuwekwa YouTube na kuunganishwa.

Ikiwa picha ni nyepesi na bado inachelewa, pima kwa PageSpeed Insights ya Google. Kipimo cha kuangalia ni muda wa kitu kikubwa zaidi kuonekana. Kisizidi sekunde 2.5. Kinachobaki hapo mara nyingi ni themu (muundo wa sura ya tovuti) nzito yenye vikorombwezo vya kuruka na kuzunguka. Viondoe, maana havijawahi kuuza kinyago.

Picha hazionekani, au zimelala ubavu

Kwenye kompyuta ya fundi zilionekana, kwenye tovuti hazipo. Angalia majina ya mafaili. Windows haitofautishi Ngoma1.JPG na ngoma1.jpg, lakini seva nyingi zinatumia Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili. Tumia herufi ndogo tupu, bila nafasi wala mabano. Sababu ya pili ni picha za iPhone za aina ya HEIC, ambazo Chrome haizifungui. Zigeuze ziwe JPEG. Sababu ya tatu ni anwani ya picha inayoanza na C:, yaani inaelekeza kwenye kompyuta ya mtu nyumbani kwake.

Kulala ubavu ni suala la alama ya mwelekeo ambayo simu huandika ndani ya faili. Programu ya kubana picha ikiifuta alama hiyo bila kuizungusha picha yenyewe, inalala. Izungushe na kuihifadhi upya kabla ya kupakia.

Rangi si zile, na mpingo umekuwa doa jeusi

Dalili hii mafundi wengi huipuuza, na kwa msanii ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote. Mnunuzi wa Uholanzi haigusi kazi yako kwa mkono. Anachokinunua ni picha. Na akipokea mzigo wenye rangi tofauti na alichokiona, ameshajua la kuwaambia wenzake.

Tuanze na Tingatinga. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, mtindo huu umejengwa juu ya rangi ya mafuta ya kung'aa, na mng'ao huo ndio adui wa kamera. Ukiipiga picha nje saa sita mchana, nusu ya twiga inapotea kwenye mwanga wa anga. Ukiipiga ndani usiku kwa taa ya dukani, nyeupe inakuwa njano. Ipeleke barazani, kivulini, saa tatu asubuhi, isimamishe wima, wewe simama mgongo ukielekea ukuta mweusi au nguo nyeusi ili kinachoakisiwa kiwe ni weusi huo na si anga. Rudi nyuma hatua mbili na uvute kidogo kwa zumu, maana ukisogea karibu sana pembe za mraba zinapinda. Flashi izime.

Mpingo una tatizo jingine. Watu hutandika shuka jeupe nyuma wakidhani litaupendeza. Kamera ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga wa picha nzima, na kile kinyago kinabaki kivuli. Nguzo ya ujamaa yenye watu waliopandiana tangu chini hadi juu inakuwa gogo. Huoni uso hata mmoja. Tumia kitambaa cha kijivu au kaki. Weka kinyago kando ya dirisha ili mwanga uingie kwa ubavu, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga kidogo. Gusa skrini juu ya uso wa kinyago, kisha teleza kidole taratibu hadi uone patasi ilipopita. Ukizidisha, mpingo unageuka kijivu na utafanana na mti uliopakwa kiwi, shutuma ambayo wachongaji wetu wameshaisikia vya kutosha.

Ikiwa kwenye simu picha ilikuwa nzuri na kwenye tovuti imefifia, kosa si la kamera tena. Simu nyingi za kisasa, iPhone zikiwamo, hupiga kwa mfumo mpana wa rangi unaoitwa Display P3; plagini ya kubana picha ikifuta maelezo ya mfumo huo, rangi zinapauka. Geuza picha iwe sRGB, mfumo wa kawaida wa rangi za skrini, kwanza, ndipo ubane. Na kama picha zilitoka kwa aliyekutengenezea vipeperushi, huenda ziko kwenye CMYK, mfumo wa mashine za uchapaji, ambao kwenye skrini hutoa rangi za ajabu. Dawa ni hiyohiyo: geuza iwe sRGB.

Ujumbe wa wateja haufiki

Jaza fomu yako mwenyewe, halafu angalia spamu. Ukiukuta huko, au usipoukuta popote, chanzo cha kawaida ni kwamba fomu inatuma barua ikijifanya ni mteja: mteja kaandika anwani yake ya Gmail, na seva yako inatuma kana kwamba imetoka kwake. Gmail inaona udanganyifu na kuitupa. Fomu itume kutoka kwenye anwani ya domeni yako, na anwani ya mteja iwekwe sehemu ya kujibu. Halafu hakikisha domeni ina rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila anayetuma awe na angalau moja kati ya hizo. Angalia pia kama sanduku lenyewe halijajaa. Unacheka, lakini limejaa.

Kusema kweli, kwa biashara nyingi za hapa naondoa fomu na kuweka kitufe cha WhatsApp. Nacho kina kosa lake: kiungo cha wa.me kinataka namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Wengi huandika 25507, na mteja anaambiwa namba haipo.

Google hainijui, na ramani inawapeleka wageni kwingine

Andika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha domeni yako bila nafasi. Kusipotokea kitu, fungua mipangilio ya usomaji ndani ya WordPress. Kuna kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji, ambacho mafundi hukiwasha wakati wa kujenga na kusahau kukizima. Kurasa zikitokea lakini hakuna anayekupata, huenda maneno yako yote yamechorwa ndani ya picha, au kichwa cha kila ukurasa ni "Karibu" tu. Andika kwa maneno kazi ni ya nini, ya nani, na iko Bagamoyo. Kama wanunuzi wako ni wageni, andika na kwa lugha yao.

Ramani ni jambo jingine kabisa, wala haitokani na tovuti. Mgeni anayetoka Dar kwa siku moja hufuata alama ya Google Maps, na kama aliyeiweka aliandika "Bagamoyo" tu, alama inakaa popote. Nimeona duka la Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo likionyeshwa kule njia ya Kaole. Ingia kwenye akaunti ya biashara ya Google, sogeza alama hadi mlangoni kwako ukiwa umesimama hapohapo, na uandike mtaa na namba ya nyumba, ile iliyobandikwa katika operesheni ya anwani za makazi ya 2022.

Wateja wanaona kamari, mimi sioni kitu

Umedukuliwa. Udukuzi wa aina hii hufichwa kwa mwenye tovuti: anayeandika anwani moja kwa moja anaona ukurasa wa kawaida, anayetoka Google kwa simu anapelekwa kwenye michezo ya kubahatisha. Ndiyo maana mteja anakuambia na wewe unambishia. Jitafute Google kwa simu isiyo yako. Ukiona pia kurasa za Kijapani chini ya jina lako, ni ugonjwa huohuo.

Mlango ulioachwa wazi kwa kawaida ni themu ya kulipia iliyopakuliwa bure mahali fulani. Kufuta faili moja la ajabu hakutoshi, kwa sababu wanaacha mengine. Rudisha nakala ya akiba ya kabla ya udukuzi, futa watumiaji usiowajua, badilisha nywila zote pamoja na ya paneli ya seva, na uitoe ile themu. Kama nakala ya akiba haipo, hapo tu ndipo nakubali maneno ya kujenga upya.

Kila kitu kinafanya kazi, ila hakuna anayepiga simu

Ifungue kama mgeni. Onyesho lijalo la ngoma lina tarehe ya mwaka juzi, kwa hiyo msomaji anaamini kikundi kimevunjika. Kazi hazina bei, wala vipimo kwa sentimita, wala neno lolote kuhusu kusafirisha. Mnunuzi wa mbali hawezi kujua kama kinyago kitaingia kwenye begi. Malipo yameandikwa "wasiliana nasi", wakati Lipa Namba ipo na ingetosha kuiandika. Wenye vyumba hawasemi kama chai ya asubuhi imo, au kama kuna jenereta umeme ukikatika.

Kwa vikundi vya ngoma, iondoe kabisa sehemu ya "onyesho lijalo" kama hakuna mtu aliyekabidhiwa kuibadilisha. Weka badala yake muda mnaofanya mazoezi kila wiki, mahali, na namba ya anayepokea simu kweli.